Kapteni Eric Wilson: walimpa nishani wakiamini amekufa, baadaye akaja kufanya kazi Tanganyika (uzi kwa wajukuu wa keya)

MJUKUU WA KEYA

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha vipande vipande, wenye haraka wauhifadhi waje nao wikiendi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa keya. Kwa vijana ambao neno hili limewapita: keya ni KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, lililochukua watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Babu alifariki nikiwa darasa la tano. Mwaka jana tulipokuwa tunahamisha vitu vya bibi kutoka Magomeni, shangazi akanikabidhi kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vifungo vya koti, stakabadhi ya kodi, na nyota ya shaba yenye pembe sita. Utepe umechakaa lakini rangi bado zinaonekana: nyekundu katikati, buluu, na mistari ya rangi ya chungwa. Nyota ya Burma.

Niliigeuza kutafuta jina lake. Nyuma hakuna kitu. Shaba tupu.

Nikaja kuelewa kwamba ndivyo zilivyotoka kiwandani. Mwingereza aliamua nyota za vita vile zigawiwe bila kuchorwa majina. Lakini Msalaba wa Victoria, nishani yake ya juu kuliko zote kwa ushujaa mbele ya adui, huo una jina, cheo na kikosi cha mwenyewe nyuma ya kile kipande kinachoshika utepe, na tarehe ya tendo lake imechorwa nyuma ya msalaba, katikati. Jambo hili limenikaa rohoni na ndilo lililonileta hapa.

Baba alikumbuka kitu kimoja tu, kwamba babu alikuwa akisema "sisi ishirini na sita". Batalioni ya 26 ya keya ilikuwa ya Watanganyika. Kule Burma ilikuwa brigedi moja na batalioni ya 11 ya Kenya na ya 34 ya Uganda. Nikawa nasoma habari za brigedi hiyo, nikakuta kwamba msaidizi wa kamanda wa batalioni ya 11 alikuwa afisa mwenye miwani, Eric Charles Twelves Wilson, ambaye miaka minne kabla alikuwa ametangazwa kufa vitani na kupewa Msalaba wa Victoria. Babu yangu alitembea bonde moja na mtu aliyekwisha kuandikwa maiti katika gazeti la serikali. Sikulala usiku ule.

Wilson alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1912, Sandown, katika kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza. Mtoto wa mchungaji. Alisoma Marlborough, akaenda chuo cha maafisa Sandhurst, na mwaka 1933 akaanza uafisa katika kikosi cha East Surrey. Mwaka 1937 alihamia keya, batalioni ya 2 ya Nyasaland, akajifunza Kinyanja ili azungumze na askari wake. Mwaka 1939 akahamishwa tena, kwenda Somalia ya Mwingereza katika kikosi cha ngamia. Hapo ndipo vita vilipomkuta.

BINTI GEREZANI

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Hilo la nyota isiyo na jina limeniuma. Kwa mjomba Tandika ipo moja imetundikwa ukutani, nitakwenda kuitazama nyuma Jumapili. Endelea.

MJUKUU WA KEYA

Asante dada, nenda kaitazame.

Sasa Tug Argan. Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler. Wakati huo Mtaliano anatawala Uhabeshi, Eritrea na sehemu kubwa ya nchi ya Wasomali, na Mwingereza ana kipande cha pwani ya kaskazini, bandari yake Berbera. Tarehe 3 Agosti Mtaliano akavuka mpaka na askari wapatao 25,000 chini ya Jenerali Nasi. Waliokuwa wakimngoja walikuwa wachache mno: keya wa Nyasaland, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, Wapunjabi, Waskoti wa Black Watch waliofika vita vimeshaanza, na Wasomali wa kikosi cha ngamia.

Barabara ya kwenda Berbera inapita kwenye mwanya wa milima unaoitwa Tug Argan. "Tug" kwa Kisomali ni korongo, mto wa msimu. Watetezi waliketi juu ya vilima vilivyoachana, kila kilima na ngome yake. Kimoja walikiita Observation Hill, na huko juu aliwekwa Kapteni Wilson, umri wake miaka 27, pamoja na Wasomali wake na bombomu zao.

Bombomu ni neno la wazee. Ni bunduki ya mashine inayosimama juu ya miguu, mtutu wake unapozwa kwa maji. Kazi yake haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mmoja analenga, mwingine analisha mkanda wa risasi, wengine wanaleta maji na masanduku kutoka nyuma, tena chini ya moto. Naomba mlishike hilo.

Tarehe 11 Agosti Mtaliano akashambulia kilima. Wilson na watu wake wakamrudisha, kisha wakageuza mitutu na kuwapiga waliokuwa wakikwea kilima cha jirani, Mill Hill, kwa sababu kilikuwa kwenye masafa yao. Waliwaua wengi kiasi kwamba Mtaliano aliona kilima hakichukuliki mpaka bombomu zile zinyamazishwe. Akasogeza mizinga ya kubebwa na wanyama hadi umbali wa kama mita 640, na makombora mawili yakaingia moja kwa moja kwenye matundu ya ngome na kupasuka ndani. Wilson akaumia vibaya bega la kulia na jicho la kushoto. Kadhaa kati ya watu wake wakajeruhiwa. Bombomu ziling'olewa kwenye miguu yake. Akazitengeneza, akazirudisha mahali pake, wakaendelea kupiga.

Tarehe 12 na 14 mizinga ikarudi, na yeye vidonda vyake bado havijafungwa. Tarehe 15 ngome zake mbili zikasambaratishwa. Kufikia hapo alikuwa na malaria juu ya majeraha. Saa 11 jioni adui akakifunika kilima. Waraka wa nishani, uliotoka London Oktoba mwaka huo, unamaliza kwa kusema alipigana mpaka mwisho na akauawa.

Waraka huohuo una sentensi moja inayosema kwamba sajini wake Msomali aliuawa ubavuni pake. Ndivyo unavyomtaja, sajini wake Msomali, kisha unaendelea na habari za Wilson. Nimeusoma mara nyingi. Umetaja kilima kwa jina. Umetaja kilima cha jirani kwa jina. Mtu huyu haukumtaja.

Jina lake tumelipata katika simulizi zilizokuja baadaye. Alikuwa Sajini Omar Kujoog. Kila mtu atakayenukuu uzi huu naomba alinukuu na jina hilo.

JIRANI WA KARIAKOO

Mama yangu ni Msomali, mimi nimezaliwa hapahapa Kariakoo. Kwetu neno "joog" ni kaa, baki ulipo. Nimesoma hapo kwenye bombomu iliyong'olewa na kurudishwa, nikasoma jina lake, nikafunga simu kidogo.

Nimemsomea mama kwa spika. Ameniambia nikuandikie ahsante, kwa Kiswahili chake na kwa Kisomali: mahadsanid.

MWANA KINONDONI

Nauheshimu uzi, ila niulize swali bila kuficha. Huyu ni afisa wa mkoloni anapigana na mkoloni mwenzake juu ya ardhi ya watu wengine. Wasomali wa upande ule wanakufa, na walio upande wa Mtaliano wengi ni Waafrika vilevile, wanakufa. Kwa nini tukae Dar es Salaam mwaka huu tunamtukuza? Tuna mashujaa wetu.

MJUKUU WA KEYA

Swali la haki, nami silikwepi.

Wala sipingi ulichosema. Vita vile havikuwa vya Wasomali. Na askari wenyewe hawakuwa wajinga wa jambo hilo: kikosi hichohicho cha ngamia kilivunjwa mwaka 1944 baada ya askari kuasi. Watu waliofia kilima kile mwaka 1940, miaka minne baadaye wenzao wanasema basi.

Hata Waingereza wenyewe kwa wenyewe waligombana juu ya vita vile. Baada ya Tug Argan jeshi lilirudi nyuma na kuondoka Berbera kwa meli, na hasara ya upande wao ilikuwa watu wapatao 260, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, wakati ya Mtaliano ilipita 2,000. Churchill alikasirika, akaona kama watu waliondoka bila kupigana vya kutosha kwa kuwa waliokufa ni wachache. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Mwingereza Mashariki ya Kati, akamjibu kwa simu ya maandishi kwamba wingi wa maiti si ushahidi wa mbinu nzuri. Nampenda Wavell kwa jibu hilo moja. Alihesabu watu.

Lakini mkuu, ukisema tuna mashujaa wetu, ndicho ninachokitafuta. Mashujaa wetu wa vita vile tutawapata wapi? Faili la Wilson lipo, la Omar Kujoog ni sentensi isiyo na jina ndani ya faili la Wilson. Babu yangu hana hata sentensi. Ukiitupa karatasi ya afisa kwa sababu ni ya mkoloni, umemtupa na sajini aliyekaa pembeni yake. Mimi namfuata Wilson kama mtu anavyofuata nyayo za mwenye tochi, nione nani mwingine alikuwa njiani.

MWANA KINONDONI

Nimekuelewa. Hilo la nyayo nalikubali. Endelea, nipo.

KOTA ZA LUGALO

Naomba kuuliza kitu kinachokaribiana. Nimekulia kota za jeshi Lugalo, baba alikuwa JWTZ. Wazee wa pale, wale wa zamani kabisa, walikuwa wakipaita Kolito. Nikidhani ni jina la Mzungu aliyejenga. Lina uhusiano na vita hivi?

MJUKUU WA KEYA

Lina uhusiano, tena mkubwa kuliko huu wangu. Ngoja nimwache Wilson chini ya kilima chake kwanza.

Colito ni mahali Uhabeshi, kusini, penye mto Billate. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya 1/6 ya keya, ambayo ni ya Tanganyika, ilivuka mto huo mbele ya Mtaliano. Kombania mbili zilipofika ng'ambo, vikatokea vifaru. Askari wetu hawakuwa na silaha ya kupiga kifaru. Alikuwepo sajini mmoja Mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, miaka 28, binamu yake yule Leakey wa Olduvai. Kazi yake siku ile ilikuwa mota, ule mtutu wa kurushia mabomu, na mabomu yalikuwa yamemwishia. Akarukia kifaru kimoja kilichokuja kutoka nyuma yao, akafungua mlango wa juu, akawapiga bastola waliokuwemo isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva aendeshe mpaka kwenye maficho. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile ukagoma. Akasema atavifuata vingine kwa miguu.

Alikwenda na sajini meja Mwafrika na askari wawili. Wakaviacha vifaru viwili vipite. Akarukia cha tatu, akafungua, akamuua mmoja ndani, na kifaru cha nne kikampiga risasi akaanguka. Kaburi lake halijulikani, jina lake liko kwenye kumbukumbu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Msalaba wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye.

Sasa tazama tena. Sajini meja Mwafrika na askari wawili. Walikwenda naye kuwinda vifaru kwenye nyasi, mikononi hawana cha kupigia kifaru. Waraka unawataja hivyohivyo: Mwafrika mmoja mwenye cheo, na askari wawili. Ni batalioni ya Tanganyika, kwa hiyo inawezekana kabisa wajukuu wao wanapanda daladala za Mwenge kila siku.

Batalioni ya 6 iliporudi amani ikawa na kambi hapa Dar, nje ya mji wakati huo, na kambi ikapewa jina la vita vile: Colito Barracks. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 keya ya 6 ikawa Tanganyika Rifles, maafisa karibu wote bado Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito wakaasi, wakitaka mishahara ipande na maafisa wawe Waafrika. Tarehe 25 makomandoo wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur wakaizima. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ikazaliwa JWTZ. Kambi ikawa Lugalo, jina la mahali kule Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo.

Ni badiliko la jina ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini wale wazee wako wa kota walipoendelea kusema Kolito, sidhani walikuwa wanamkumbuka Leakey. Nadhani walikuwa wanawakumbuka watu wao waliovuka mto Billate.

KOTA ZA LUGALO

Kaka, nimeishi pale miaka kumi na saba. Nimecheza mpira pale. Hakuna aliyewahi kunieleza hata nusu ya haya. Nampigia baba sasa hivi.

MZEE WA UPANGA

Wanangu, poleni na kazi. Mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu.

Baba yangu mdogo alikwenda Ceylon, leo Sri Lanka, na keya. Alikuwa na hofu ya bahari mpaka anakufa, hata pantoni ya Kigamboni alikuwa hapandi. Sababu aliyokuwa akiitaja ni meli Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike. Yeye hakuwemo, alipita njia hiyohiyo. Lakini alikuwa na rafiki yake wa kucheza bao aliyekuwemo.

Nakusoma mjukuu wa keya. Endelea na habari za kapteni.

MJUKUU WA KEYA

Shikamoo mzee. Nashukuru mno kwa hilo la baba mdogo. Khedive Ismail nilikuwa nimeisoma kama tarakimu, sasa ina mtu wa kucheza naye bao.

Narudi kwa Wilson. Hakuwa amekufa. Alitekwa akiwa majeruhi, akapelekwa kambi ya mateka Adi Ugri, Eritrea, mji ambao leo unaitwa Mendefera. Kwao wamekwisha kumlilia. Oktoba nishani ikatangazwa kama ya marehemu. Yeye mwenyewe yumo ndani ya seng'enge, hana habari, mpaka akaletwa mateka mwingine, afisa wa jeshi la anga, akashangaa kumkuta mtu ambaye yeye alijua amepewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa.

Mateka walikuwa wakichimba njia ya chini kwa chini watoroke. Kabla haijafika mwisho Mtaliano akashindwa Eritrea, mwaka 1941, na wakawa huru.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kupumzika. Yeye akaenda jangwa la Libya na Misri na kikosi cha masafa marefu, LRDG, kilichokuwa kikizunguka nyuma ya adui kwa magari. Nishani yake aliivishwa na Mfalme George wa Sita mwaka 1942. Kisha akaomba watu wake wa zamani: akarudi keya.

Na hapa ndipo anakutana na babu.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944, wakati wa masika ya kule. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal, upande wa India, na wanarudi nyuma, na divisheni yetu ikapewa bonde la Kabaw kuwafuata. Waliokuwako wanaliita bonde la mauti. Mvua hainyamazi, magari yanazama, mizigo inatupwa kwa ndege na mingine inabebwa kichwani. Kila mtu anameza kidonge cha malaria chenye kuifanya ngozi yake iwe ya njano. Baba anasema babu hakutaka kabisa kula wali wa njano, na nyumbani hakuna aliyejua kwa nini. Sasa nahisi najua.

Zaidi ya malaria kulikuwa na homa inayoletwa na utitiri wa vichakani. Mdudu huyo humkuti kwa macho. Anang'ata kwenye kiuno au kwapani, panatokea kidonda cheusi, na siku chache baadaye homa kali inayoua. Ndiyo iliyompata Wilson. Mtu aliyepigwa makombora mawili ndani ya ngome akatolewa Burma na mdudu mdogo kuliko chembe ya ulezi.

Divisheni ilifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba 1944, na wahandisi wakatandaza daraja refu la vyuma juu ya mto. Nina hakika babu alivuka, kwa sababu kitu pekee alichokuwa akiwasimulia watoto kuhusu vita ni daraja "lililokuja kwa vipandevipande kama kitanda". Shangazi amenisimulia hilo mara nyingi, nami nilikuwa nalisikiliza kama hadithi ya sungura.

Wilson alirudi Afrika Mashariki mwaka 1945, akaongoza chuo cha mafunzo ya askari wa miguu Jinja, Uganda. Mwaka 1949 aliacha jeshi akiwa luteni kanali, akaingia utumishi wa serikali ya Tanganyika. Alikaa hadi uhuru, 1961. Miaka kumi na miwili! Msalaba wa Victoria unatembea nchini kwetu, na watu aliowatoza kodi au kuwaamulia mashauri hawakuwa na habari wala sababu ya kuijali. Baadaye aliongoza nyumba ya wanafunzi London House, akawa pia katibu wa heshima wa chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali. Alifariki tarehe 23 Desemba 2008, miaka 96.

Hilo la chama cha Wasomali linanigusa kuliko mengine ya uzee wake. Alikuwa na sababu za kutowasahau.

BINTI GEREZANI

Nimetoka Tandika. Nyuma tupu. Mjomba hakuwahi kuigeuza maisha yake yote, tumeigeuza wote wawili, tukakaa kimya.

Lakini mjomba ana namba ya jeshi ya baba yake, imeandikwa kwa penseli ndani ya jalada la Kurani. Nimeipiga picha.

MWANA KINONDONI

Ihifadhi dada, na uiandike sehemu mbili. Nami leo mchana nilipita pale kwenye sanamu ya Askari, Samora. Nimepita pale tangu utoto, na leo ndiyo mara ya kwanza nimesimama kusoma. Imewekwa 1927 kwa ajili ya vita vile vya kwanza. Maandishi ya Kiswahili yanawataja askari na wachukuzi, na yanaahidi kwamba aliyepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nimezunguka pande zote nne. Hakuna jina la askari hata mmoja.

MZEE WA UPANGA

Hapo umesema, mwanangu. Na huku kwetu barabara ya Ali Hassan Mwinyi pana makaburi ya vita, mengine yalihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968. Wale wana mawe na majina. Nendeni mkasome.

Mjukuu wa keya, una mpango gani na nyota ya babu?

MJUKUU WA KEYA

Mzee, nilitaka kuipeleka kwa sonara achore jina nyuma.

MZEE WA UPANGA

Usifanye hivyo. Kuichora ni kuibadilisha, na siku moja mtu atadhani ni ya kughushi. Tengeneza kisanduku cha mninga, ndani kitambaa, chini yake kibati cha shaba. Jina lichorwe kwenye kibati. Nyota ibaki kama alivyoipokea.

MJUKUU WA KEYA

Nimefuata ushauri wa mzee. Fundi wa Keko amenitengenezea kisanduku, na jana nilikwenda kwa sonara mtaa wa Indira Gandhi na kibati. Nikamwandikia jina la babu kwenye karatasi, chini yake "26 KAR, Burma".

Usiku nikampigia shangazi kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimeandika jina lipi. Nikamtajia. Akasema hilo ni la nyumbani. Jeshini babu hakuingia kwa jina hilo. Aliingia kwa jina la kaka yake, kwa sababu kaka ndiye aliyekuwa na cheti cha kodi siku ile walipokuja kuandikisha, na huko vitani kote aliitwa kwa jina la kaka. Ile stakabadhi iliyomo kwenye kopo ni ya kaka. Nimeishika mwaka mzima nikidhani jina lile ni la karani.

Leo asubuhi nimewahi dukani kabla hawajafungua. Sonara alikuwa bado hajaanza. Nimemwomba apunguze ukubwa wa herufi, majina yote mawili yaenee.